Jimmie Rodgers, Mshika Breki wa Reli: Maisha Yake na Funzo Lake Kwetu

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanachama katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, ukumbini mwa shule)



Kwanza kabisa nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusimama hapa leo. Mara ya mwisho niliposimama mbele ya ukumbi huu nilikuwa mwanafunzi, nami nilikuwa nimeitwa kueleza kwa nini nilichelewa gwaride la Jumamosi. Leo nimealikwa kwa barua, tena nimewekewa kiti. Hayo ni maendeleo.

Bwana Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumzie jambo lolote lenye manufaa kwa vijana. Wasemaji wa miaka iliyopita walizungumzia kilimo, ushirika na uchaguzi wa kazi, na mimi nisingeweza kuwapita katika hayo. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni kutunza kumbukumbu za afya, yaani madaftari, kadi na hesabu za wagonjwa. Kwa hiyo nimeamua kuwaletea habari za mwimbaji. Naona baadhi ya walimu wananitazama kwa mashaka. Nawaomba wanivumilie, kwa maana mwimbaji huyu na madaftari yangu wanakutana mahali pamoja, na mahali hapo si mbali na mabweni ya shule hii.

Mtu huyo ni Jimmie Rodgers, Mmarekani, ambaye huitwa baba wa muziki wa kantri. Muziki huo si mgeni katika nchi yetu ya Kenya. Wazazi wenu waliusikia redioni jioni, na hata leo utapanda matatu ya kwenda Bomet na kumkuta dereva akiimba pamoja na Jim Reeves, Kenny Rogers au Dolly Parton. Lakini hao wote ni wajukuu. Babu yao ni huyu ninayemsema.

Jimmie Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897 katika sehemu za kusini mwa Marekani, na mji aliouhesabu kuwa kwao ni Meridian, katika jimbo la Mississippi. Ili wanafunzi wa historia mpate kuukumbuka mwaka huo, ni mwaka mmoja tu baada ya reli yetu kuanza kujengwa kutoka Mombasa. Baba yake, Aaron, alikuwa msimamizi wa kundi la watengenezaji wa njia ya reli. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, akalelewa mara kwa jamaa huyu, mara kwa jamaa yule. Shule hakuisoma sana. Alipokuwa na umri wa miaka kama 13 alitoroka nyumbani kufuata kikundi cha waimbaji wa kuzunguka, na baba yake alipompata alimrudisha na kumtia katika kazi ya reli.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwachotea maji watu waliokuwa wakipigilia mataruma. Wengi wao walikuwa Wamarekani weusi, nao walikuwa wakiimba ili nyundo zishuke kwa pamoja. Mtoto yule na ndoo yake alizisikiliza nyimbo zile mchana kutwa. Kwao alijifunza mengi ya muziki aliokuja kusifiwa nao, na ni haki tuliseme hilo waziwazi, kwa sababu mara nyingi sifa humwendea aliyeimba mbele ya watu, na aliyemfundisha akasahauliwa njiani.

Baadaye alipandishwa kuwa mshika breki katika treni za mizigo. Kazi hiyo haikuwa ya mchezo. Mshika breki ndiye aliyeunganisha na kufungua mabehewa, akageuza njia za kupishania, akakagua breki na magurudumu. Alipanda juu ya mabehewa katika mvua na baridi, moshi wa makaa ukimwingia kifuani usiku kucha. Wako waliokatika vidole, na wako waliokufa. Mwaka 1920 Rodgers alimwoa Carrie Williamson, wakajaliwa mabinti wawili. Wa pili alifariki mwaka 1923 akiwa mchanga, baba akiwa safarini kutafuta riziki, na inasimuliwa kwamba ilimbidi aweke banjo yake rehani apate nauli ya kwenda kumzika mwanawe.

Mwaka uliofuata, 1924, alikohoa damu. Madaktari wakamwambia kwamba ana kifua kikuu. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Ndugu zangu, naomba tusimame kidogo hapa. Daktari wa Kijerumani, Robert Koch, alikuwa amekwisha kutangaza tarehe 24 Machi 1882 kwamba amekiona kijidudu kinacholeta ugonjwa huo. Lakini kukiona kijidudu ni jambo moja, na kukiua ni jambo jingine. Streptomisini, dawa ya kwanza iliyoweza kukiua ndani ya mwili wa mtu, ilipatikana mwaka 1943. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa mwaka 1924 kwamba ana kifua kikuu aliambiwa apumzike, ale vizuri, avute hewa safi, na angoje. Wenye fedha walingoja katika nyumba maalum zilizojengwa milimani. Maskini walingoja vitandani mwao.

Rodgers hakuwa na akiba ya kumwezesha kupumzika, na mapafu yake hayakumruhusu kuendelea kupanda mabehewa. Alijaribu kazi huku na huku, katika miji yenye joto na miji yenye milima, akiamini kwamba hewa ingemfaa. Mwishowe alibaki na kitu kimoja tu ambacho angeweza kukiuza, nacho ni pumzi. Fikirini jambo hilo, vijana. Mtu ambaye pumzi ndiyo inayomwishia, anaamua kuishi kwa kuimba.

Mwanzoni mwa Agosti 1927 Bwana Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Victor alikuwa Bristol, mji ulio mpakani mwa majimbo ya Tennessee na Virginia, akitafuta waimbaji wa mashambani. Rodgers alikwenda huko na wenzake wa bendi. Usiku wa kuamkia siku ya kurekodiwa waligombana juu ya jina litakaloandikwa kwenye santuri, na wenzake wakamwacha. Kesho yake, tarehe 4 Agosti, aliingia peke yake na gita lake, akaimba nyimbo mbili. Siku mbili tatu kabla yake, mbele ya mitambo hiyo hiyo, walikuwa wameimba jamaa wa Familia ya Carter, ambao nao walikuja kuwa mashuhuri. Ndiyo maana waandishi wa historia ya muziki huutaja mji ule mdogo kwa heshima kubwa.

Nyimbo zile mbili hazikuvuma sana. Mwingine angekaa nyumbani kungoja barua. Yeye alifunga safari hadi New York, akamtafuta Bwana Peer mwenyewe, na tarehe 30 Novemba 1927 akarekodiwa tena huko Camden, katika jimbo la New Jersey. Hapo ndipo alipoimba kwa mtindo uliomtambulisha. Katikati ya wimbo aliirukisha sauti ghafla kutoka kifuani hadi utosini na kuirudisha, namna wachungaji wa milima ya Uswisi na Austria walivyokuwa wakiitana, mtindo unaoitwa yodeli. Yeye aliuchanganya na bluzi, zile nyimbo za huzuni za watu weusi alizozisikia relini. Santuri hiyo iliuzwa kwa mamia ya maelfu. Mshika breki maskini akawa tajiri.

Kutoka hapo hadi kufa kwake ni chini ya miaka sita, na katika muda huo alirekodi nyimbo zaidi ya 100. Tarehe 16 Julai 1930, huko Los Angeles, aliimba pamoja na mpiga tarumbeta Louis Armstrong, na mke wa Armstrong, Lil Hardin, akapiga piano. Wakati huo sheria za majimbo ya kusini ziliwatenga weusi na weupe hata katika mabehewa ya treni, na majina ya wapigaji wale wawili hayakuandikwa kwenye santuri. Mapema mwaka 1931, nchi ikiwa katika dhiki ya uchumi na ukame, alizunguka na mchekeshaji Will Rogers kuchangisha fedha za kuwasaidia wenye shida.

Sisemi kwamba alikuwa malaika. Fedha zilimjia kwa wingi, naye akazitumia kwa wingi. Mwaka 1929 alijijengea jumba kubwa Kerrville, Texas, mji uliosifiwa kwa hewa iliyowafaa wenye vifua, kisha ikambidi aliache na kuhamia nyumba ya kawaida huko San Antonio. Madaktari walimwambia apumzike, naye akazidi kusafiri na kuimba, mara nyingine akianguka na kulazwa, na akipata nafuu akirudi jukwaani. Katika mambo hayo msimwige.

Lakini liko jambo moja ambalo nataka mlizingatie. Siku zile, hata huko Marekani, mgonjwa wa kifua kikuu alifichwa. Vikombe vyake vilitengwa, nyumba yake iliepukwa, na jamaa zake walisema ana mafua tu. Mwimbaji anayeishi kwa kupendwa na watu ndiye hasa aliyekuwa na sababu ya kuficha. Rodgers hakuficha. Januari 1931 alirekodi wimbo alioupa jina la ugonjwa wenyewe, "T.B. Blues", akauweka kwenye santuri ya kuuzwa madukani, na mwaka 1932 akarekodi mwingine wa kuufanyia ugonjwa huo kejeli. Mtu yeyote mwenye gramafoni aliweza kusikia kutoka kinywani mwake kwamba anaumwa, na anaumwa nini. Na watu hawakumkimbia. Waliendelea kununua santuri zake na kujaza kumbi alimoimba.

Mei 1933 alikwenda New York kurekodi mara ya mwisho, na muuguzi akafuatana naye. Kati ya tarehe 17 na 24 Mei aliimba nyimbo kadhaa, na baina ya wimbo na wimbo alilala kwenye kitanda kidogo alichowekewa karibu na mahali pa kurekodia, akikusanya nguvu. Tarehe 26 Mei 1933 alifariki katika hoteli yake, akiwa na umri wa miaka 35. Mwili wake ulirudishwa Meridian kwa treni. Inasimuliwa kwamba dereva wa treni ile alipiga honi kwa sauti ya kilio mpaka ilipoingia kituoni.

Heshima zilifuata baadaye. Mwaka 1961 ukumbi wa mashujaa wa muziki wa kantri ulipoanza kuandika majina, lake lilikuwa miongoni mwa matatu ya kwanza. Mwaka 1978 serikali ya Marekani ilitoa stempu yenye picha yake.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, habari hii inavuka bahari, na inakuja hapa hapa kwetu.

Mwaka 1950, miaka 17 baada ya Rodgers kuzikwa, mtafiti Hugh Tracey alikuwa akizunguka Afrika na mitambo yake kurekodi nyimbo za wenyeji. Alifika Kapkatet. Ninyi mnaotoka Litein, Sotik na Bomet mnapafahamu. Huko Wakipsigis walimwimbia nyimbo zenye jina moja, Chemirocha, na mojawapo iliimbwa na wasichana pamoja na chepkong, kile chombo chetu cha nyuzi. Tracey alieleza kwamba Chemirocha alikuwa mtu wa ajabu, nusu mtu na nusu paa, na wasichana wanamwalika aje acheze ngoma nao. Tamkeni jina hilo polepole, kisha mlitamke haraka: Jimmie Rodgers, Chemirocha. Santuri zake zilikuwa zimefika mashambani mwetu pamoja na gramafoni. Watu waliisikia sauti ile inayoruka ikitoka ndani ya sanduku, hawakumwona mwenyewe, wakampa jina la kwao na umbo la kumfaa. Yeye hakuwahi kukanyaga Afrika maishani mwake. Rekodi zile za Tracey zimehifadhiwa mpaka leo Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, na katika miaka ya 2010 nakala zilirudishwa Kapkatet, wazee wakazisikia tena sauti za ujana wao.

Mimi jina la Chemirocha sikulijulia kitabuni. Nililijua katika bweni letu, mwaka 1996, nikiwa Kidato cha Tatu. Kijana aliyelala kitanda cha chini, chini ya changu, alilijua kutoka kwa nyanya yake. Jina lake silitaji, kwa heshima ya jamaa zake. Alikuwa hodari wa hesabu na hodari zaidi wa kuimba. Asubuhi, tulipopanga foleni ya maji baridi, aliirukisha sauti yake mpaka viranja wakacheka badala ya kutuandika majina. Nilipomuuliza Chemirocha ni nani, alinijibu kwamba ni kiumbe cha porini chenye miguu ya mnyama, kinachoweza kucheza ngoma usiku kucha bila kuchoka. Wote wawili tuliamini hivyo.

Mwezi wa Februari mwaka ule alianza kukohoa. Tulisema ni vumbi la chaki. Mwezi wa Machi shuka lake lilikuwa likilowa jasho usiku, na baridi ya hapa mnaijua. Muhula wa pili ulipoanza alirudi amekonda, na suruali yake aliifunga kwa kamba ya kiatu. Hakuimba tena kwenye foleni. Usiku mmoja niliona damu kwenye kitambaa chake. Aliniomba nisimwambie mtu yeyote. Alisema wakijua watamcheka, watahamisha vitanda vyao, na atarudishwa nyumbani kabla ya mtihani. Nilimwapia kwamba sitasema, na sikusema. Muhula mzima niliitunza siri ile, nikidhani huo ndio urafiki.

Alikwenda likizo ya Agosti, na muhula wa tatu kitanda cha chini kilikuwa kitupu. Tuliambiwa kwamba alipofikishwa hospitali ilikuwa ni kifua kikuu, na kwamba alichelewa mno. Walikuja wauguzi wakatupima bweni zima. Mimi sikukutwa nao. Vijana wawili wengine walikutwa, wakapewa dawa, wakapona. Mmoja wao amekaa humu ukumbini leo, na ameniruhusu niseme hivi bila kumtaja.

Naomba nieleweke. Siilaumu shule, wala mwalimu yeyote. Hakuna aliyejua, kwa sababu mimi niliyejua nilinyamaza. Dawa zilikuwapo. Hospitali ilikuwa mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Kilichokosekana ni mtu wa kusema neno moja kwa matroni.

Miaka michache baadaye nilikuwa chuo kikuu nikisoma historia. Siku moja katika maktaba, nikitafuta habari nyingine kabisa, nilikutana na maelezo juu ya nyimbo za Kapkatet, na hapo ndipo nilipojua Chemirocha alikuwa nani. Nikatafuta habari za maisha yake. Nilipofika mahali palipoandikwa alikufa kwa ugonjwa gani nilikifunga kitabu, nikatoka nje. Kiumbe kisichochoka cha rafiki yangu kilikuwa mtu wa kukohoa damu kama yeye. Tofauti ni kwamba yule Mmarekani hakuwa na dawa yoyote duniani, na bado alilitaja jina la ugonjwa wake mbele ya watu wote. Rafiki yangu alikuwa na dawa karibu, na hakuweza kulitaja hata mbele ya mwalimu wa zamu. Nami nilimsaidia kutolitaja. Naamini tangu siku ile nilikuwa nimekwisha kuichagua kazi ninayoifanya sasa, ingawa ilichukua muda kuifikia.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Nimewaona wengi katika madaftari yangu. Ukifungua daftari la kifua kikuu utakuta mwishoni safu ya matokeo. Huandikwa amepona, amemaliza dawa, amefariki, au amepotea. Neno linaloniuma zaidi ni hilo la mwisho. Aliyepotea ni yule aliyeanza dawa, akaona nafuu mwezi wa pili, akaacha. Wengine ni vijana wa umri wenu, na wengine waliacha kwa kuona haya ya kuonekana kwenye foleni ya kliniki. Msidhani pia kwamba huu ni ugonjwa wa zamani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu duniani, na milioni 1.25 wakafa.

Basi nawaomba vijana mkumbuke mambo machache. Kikohozi kinachopita wiki mbili si vumbi la chaki. Jasho la usiku, homa za jioni na kukonda bila sababu ni dalili za kupeleka hospitali. Makohozi hupimwa, na mashine zilizopo sasa hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi. Dawa katika hospitali za serikali hazilipiwi. Kwa kawaida hunywewa kwa miezi sita, hata kama umejisikia mzima mwezi wa pili. Mtu anayezinywa sawasawa haambukizi wenzake baada ya muda mfupi, kwa hiyo hakuna sababu ya kumhamia mbali. Lakini asiyetibiwa huambukiza kila anayevuta hewa moja naye katika chumba kilichofungwa.

Na hapo nageukia wenzangu wa zamani. Mtakumbuka kwamba katika zama zetu ni sisi wenyewe tuliopigilia misumari madirisha ya mabweni na kuyaziba kwa katoni, kwa sababu ya baridi. Jana jioni Mwalimu Mkuu aliniruhusu nizunguke. Katika bweni letu la zamani nilihesabu madirisha manne ambayo mpaka leo hayafunguki, na misumari yake ni ya zamani, imeota kutu. Huenda mmoja wa misumari hiyo niliupigilia mimi. Najua Chama kina mpango wa kununua kombe jipya la michezo. Bwana Mwenyekiti, naomba kutoa hoja kwamba kombe lingoje mwaka mmoja, na fedha hizo zitengeneze madirisha hayo na kununua blanketi za kutosha, ili kijana aweze kulala dirisha likiwa wazi bila kutetemeka. Mimi nimekwisha kumkabidhi Mweka Hazina mchango wangu wa kwanza asubuhi hii, naye ameniandikia risiti.

Na wewe kijana unayelala kitanda cha juu, nakuachia jambo moja. Ikiwa wa chini yako anakohoa usiku, na akakuapisha usiseme, usiape. Mwambie kwamba utakwenda naye kwa matroni, na mwende wote wawili, ukimshika mkono ikibidi. Huenda akakukasirikia wiki nzima. Mwache akukasirikie. Atakuwa bado yupo wa kukukasirikia.